Si kila kidege cha manjano ni chiriku

Majuzi nilisahihisha tafsiri ya mwanafunzi wangu kuhusu ndege wa kinamasi cha Dunga, hapa nje kidogo ya Kisumu. Upatanisho aliupata: aliandika "ndege wadogo", si "ndege ndogo", maana hizo ndogo zina rubani. Kosa lilikuwa kwingine. Kila kidege chenye umanjano, kwake, ni chiriku.

Chiriku ana mdomo mfupi, mnene, wa kubangulia mbegu. Dunga yupo wa kweli, ambaye wataalamu humwita Crithagra koliensis. Lakini katika mafunjo hayo hayo anaishi kidege mwingine wa manjano, Calamonastides gracilirostris, na jina lake la pili ni Kilatini cha "mdomo mwembamba". Huyu hula wadudu. Kumwita chiriku ni kama kumwita popo ndege eti kwa kuwa anaruka.

"Lakini Prof, kamusi inasema tu ni aina ya ndege mdogo," akajitetea. Hapo alinibana. Aina ya ndege, aina ya samaki, aina ya mti: watunzi wa kamusi zetu wamezoea kuishia hapo. Hiyo si fasili, ni kukwepa kazi. Mdomo ukoje? Anakula nini? Anakaa wapi?

Wapo watakaosema tungoje wanasayansi waafikiane kwanza. Tutangoja sana. Huyo wa mdomo mwembamba aliwahi kuwekwa katika jenasi ya Chloropeta, ambayo zamani ilidhaniwa ni ya jamii ya ndege wanaodaka nzi. Vinasaba vilipochunguzwa, wenzake wawili wakahamishiwa Iduna, naye akabaki peke yake katika Calamonastides. Hata chiriku wetu alitolewa Serinus. Muda wote huo midomo yao ilikuwa ile ile, na mvuvi wa Dunga angeweza kuwatofautisha bila maabara.

Mafunjo hayo yanakatwa, yanachomwa, yanalimwa, na makao ya videge hawa wawili ni hasa kwenye mafunjo. Wote wakiitwa chiriku, siku mmoja akitoweka msomaji wa Kiswahili ataambiwa chiriku bado wapo.

Halafu mafunjo yenyewe kijana aliyaita "matete", ilhali nyumbani kwao wanasema togo, na togo si tete. Nimemrudishia kazi yake pamoja na nauli ya boda hadi Dunga, akawaulize wafuma mikeka wanamwitaje yule wa mdomo mwembamba.