Ushahidi wa Muamala Katika Bloku ya 170

Tarehe 12 Januari 2009, mtu aliyejiita Satoshi Nakamoto alimpelekea Hal Finney bitkoini 10, na muamala huo, uliokuwa wa kwanza baina ya mtu na mtu katika daftari la Bitcoin, ukaandikwa katika bloku ya 170, ambayo haina ndani yake ila miamala miwili: ule wa ujira wa mchimbaji, na huu wa Finney. Kwa uchache huo bloku hii inafaa mno kupimia kazi ambayo siku hizi huachiwa wakala wa akili mnemba, yaani kuuendea ushahidi wa muamala, kuuleta, na kuutolea hukumu kuwa ni sahihi au ni batili.

Kuuleta si taabu. Wakala hupewa chombo, ambacho si kingine ila programu ndogo ya kuiuliza seva ya Electrum. Hutaja kitambulisho cha muamala na namba ya bloku, na seva humjibu kwa kumpa nafasi ya muamala ndani ya bloku pamoja na orodha ya heshi, yaani alama zikokotolewazo kutokana na data, za kuupandia mti wa Merkle hadi mzizi wake, ambao ni heshi moja iliyojumuisha miamala yote ya bloku. Bloku yenye miamala 4,096 ingehitaji heshi 12, za baiti 32 kila moja. Hii ya 170 yahitaji moja tu, ya muamala wa mchimbaji, ianzayo b1fea524.

Utelezi uko katika hesabu. Heshi zichapwavyo kwa macho ya wanadamu zimepinduliwa, baiti ya mwisho ikiwa mbele, hali hesabu hutaka zirudishwe katika mpangilio wake wa asili, kisha ya mchimbaji ikae kushoto na ya Finney, ianzayo f4184fc5, ikae kulia, na baiti 64 zilizoungana zipitishwe katika SHA-256 mara mbili. Mwenye kusahau kupindua atapata jawabu lisilofanana hata kidogo na mzizi utakiwao, ambao ukichapwa huanza 7dac2c56. Programu itaikiri tofauti hiyo bila ya haya. Lakini modeli ya lugha, ambayo ada yake ni kuandika maneno yaelekeayo kufuata yaliyotangulia, yamkini imekwisha kuusoma mzizi wa bloku mashuhuri kama hii, ikautaja na kuandika kuwa umethibitika pasipo kuhesabu lolote. Wakala, basi, na awe tarishi, asifanywe kadhi: programu ihesabu, itoe ndiyo au siyo, na wakala asiwe na idhini ya kuligeuza neno hilo.

Lakini mzizi wenyewe umetoka wapi? Umo katika kichwa cha bloku, chenye baiti 80, na kama kichwa hicho kimeletwa na seva ile ile iliyoleta ushahidi, tumemtaka mshitakiwa ajitolee shahada. Wengine hutosheka kwa kuwa heshi ya kichwa huanza kwa sifuri nane, alama ya kazi ya uchimbaji. Nami sitosheki, maana ugumu wa zama zile ulikuwa 1, yaani majaribio kama bilioni 4.3 kwa wastani, ambayo mashine moja ya uchimbaji ya leo huyamaliza kabla ya kupepesa jicho. Kichwa cha bloku ya 170 hupata nguvu kwa vichwa vilivyokifuata tu, kila kimoja kikibeba heshi ya kilichokitangulia, hadi kufikia vile ambavyo kuvighushi ni gharama isiyobebeka. Vichwa vyote hadi bloku ya 840,000, ya Aprili 2024, havizidi sana megabaiti 67. Sioni udhuru wa chombo kutokuwa navyo.

Kadhalika matini kamili ya muamala sharti iletwe na kupigwa heshi, kwani bila ya hiyo hakuna kilichothibitika juu ya kiasi. Ikifanywa hivyo, huonekana bitkoini 50 zikiingia, 10 zikienda kwa ufunguo mmoja na 40 zikirudi kwa mpelekaji. Jina la Finney halimo. Twalijua kwa maandishi yake mwenyewe ya mwaka 2013, ambayo hayana mzizi wa kupandia, na chombo kilichoundwa kwa hadhari kingeliandika jina hilo katika fungu la peke yake, mbali na yale yaliyohesabiwa.