Usaili wa Google ulivyosailiwa

Mwaka 2004, kando ya Barabara Kuu 101 inayopita Silicon Valley, California, lilisimamishwa bango lisilo na jina la kampuni. Lilikuwa na hesabu tu: tafuta namba tasa ya kwanza yenye tarakimu kumi zinazofuatana ndani ya namba e ya hisabati, kisha uiongezee .com. Jibu ni 7427466391. Aliyeifungua anwani hiyo alikuta fumbo la pili, na aliyelifumbua akakaribishwa na Google atume wasifu wake. Magazeti yalilipenda sana bango hilo. Laszlo Bock, aliyeingia mwaka 2006 kuongoza masuala ya wafanyakazi, alikuja kuandika kwamba halikuleta mwajiriwa hata mmoja.

Ulevi huohuo wa mafumbo ulikuwamo ndani ya chumba cha usaili. Mipira mingapi ya gofu itajaa ndege? Manhattan ina vituo vingapi vya mafuta? Mwaka 2013 Bock aliliambia gazeti la New York Times kwamba maswali hayo hayatabiri chochote, faida yake kubwa ni kumfanya muulizaji ajione ana akili. Alikuwa na ushahidi. Kampuni ilikuwa imechukua alama ambazo wasaili walitoa katika makumi ya maelfu ya usaili, ikazilinganisha na utendaji wa watu hao baada ya kuajiriwa. Uhusiano haukuonekana. Msaili mmoja tu ndiye aliyekuwa akipatia, naye aliwasaili watu wa fani finyu mno ambayo yeye mwenyewe ndiye aliyekuwa bingwa wake duniani.

Dawa iliyofuata haikuwa na mbwembwe. Waombaji wa kazi moja waulizwe maswali yaleyale, kwa mfano waeleze tatizo gumu walilowahi kulitatua, na majibu yapewe alama kwa kigezo kilichoandikwa kabla. Wasaili wanne wakaonekana kutosha: kwa hesabu za kampuni, wanne walifikisha uhakika wa asilimia 86, na kila aliyeongezwa baada yao alileta kama asilimia moja tu. Zamani mwombaji aliweza kuzungushwa kwa watu zaidi ya kumi.

Kwa maoni yangu, maswali si kiini cha mabadiliko haya. Kiini ni nani anaamua. Meneja mwenye pengo kwenye timu yake ana haraka; atampokea yeyote anayeonekana kufaa, ilhali mtu huyo atabaki na kampuni miaka mingi. Google ilimnyang'anya meneja uamuzi, ikaupeleka kwa kamati ambayo haikukaa na mwombaji. Kamati husoma maandishi: aliulizwa nini, akajibu nini, aliandika msimbo gani, alikwama wapi. Ndiyo maana wanaojiandaa kwa usaili wa namna hii huhimizwa kufikiri kwa sauti. Wazo zuri lililobaki kichwani msaili hawezi kuliandika, na kwa kamati ni kama halikuwahi kuwapo.

Utafiti ule wa alama za wasaili, hata hivyo, una tundu ambalo wengi walioushangilia walilipita. Uliwapima walioingia tu. Aliyekataliwa hana rekodi ya kazi, kwa hiyo hakuna cha kulinganisha na alama zake. Na ukishawaondoa wote waliopata alama za chini, waliobaki watafanana kiasi kwamba uhusiano utafifia hata kama usaili ulikuwa na maana. Kwa hiyo kusema "usaili haufai kitu" ni kuvuka kile ambacho takwimu zenyewe zinasema.

Upande wa waliokataliwa uliguswa kidogo mwaka 2010. Kwa maelezo ya Bock, kompyuta zilipitia maombi 300,000 ya wahandisi wa programu yaliyokwisha kutupwa, watu wakayaangalia upya 10,000 kati ya hayo, na wahandisi 150 wakaajiriwa. Zoezi hilo liliwaumbua zaidi wachujaji wa makaratasi kuliko wasaili.