Kareti ya Okinawa katika vyuo vyetu: tunajifunza nini?

Mwaka uliopita nilialikwa kuangalia mazoezi ya kilabu moja ya wanafunzi wa chuo kikuu hapa Bukavu. Vijana karibu makumi mawili, kimono nyeupe, miguu mitupu juu ya saruji, waliinama kusalimia, kiisha wakafanya kata Heian Shodan wote pamoja. Ilipendeza sana. Nyuma ya mazoezi nikauliza kijana mmoja wa mukaba wa kahawia: ile kugeuka kushoto pale mwanzo, mkono ukishuka, ni kwa kufanya nini? Akanitajia jina la Kijapani. Nikasema: jina nimesikia, maana yake je? Akacheka: «Mwalimu, siye tunaifanya tu hivyo, juu majaji wanataka hivyo.»

Jibu lile njo limenifanya niandike.

Kareti ni urithi wa Okinawa, visiwa vilivyokuwa na mfalme wao mpaka Japani ilipovimeza mwaka 1879. Mwanzoni mwa karne ya 20, mzee Itosu Anko aliiingiza mashuleni. Aliwatungia wanafunzi kata tano za Pinan. Ile Heian Shodan ni moja kati ya hizo, jina tu lilibadilishwa. Mwanafunzi wake Funakoshi Gichin, mwalimu wa shule kama mimi, aliipeleka Tokyo mwaka 1922, na mwaka 1924 kilabu ya chuo kikuu ikaanzishwa pale Keio.

Basi iniversite si mgeni katika historia hii. Lakini njo hapo pia mambo yaligeuka. Wanafunzi wa Tokyo walitaka kupambana na kushindana. Mzee Funakoshi hakupendezwa. Kwake kata ilikuwa somo lenyewe, nayo inaanza kwa kuzuia, haianzi kwa kupiga. Ule mkono unaoshuka unazuia pigo la chini. Kijana wangu alikuwa na mwendo, hakuwa na somo.

Tusikose haki: kilabu hizi zinafanya kazi nzuri. Mushi, Murega, Mufuliru na Muhavu wanafagia ukumbi mmoja, na anayechelewa anaomba ruhusa ya kuingia. Hilo si jambo dogo katika mji ulioona silaha mwaka 1996, 2004 na tena 2025. Lakini njo sababu maana isipotee. Kijana anayejua kupiga bila kujua kwa nini anaanza kwa kuzuia, tumemfundisha nusu, na nusu iliyobaki njo ya lazima kwetu.

Kuna pia jambo lingine. Tokyo, mwaka 2021, dhahabu ya Olimpiki ya kata kwa wanaume ilichukuliwa na Kiyuna Ryo, mtoto wa Okinawa. Wazee wake walikuwa wamechunga urithi wao. Na siye? Tulipokuwa watoto huko Walungu, tulicheza mieleka tukichunga mbuzi. Aliyegusa mgongo chini ameshindwa, na hakuna kumpiga aliyeanguka. Sharti ile mimi sijaiona imeandikwa popote.

Ninashauri, basi, kila kilabu imwombe mwanafunzi aeleze maana ya kata moja kabla ya kupewa mukaba mupya. Na likizo ikifika, amuulize babu yake mieleka ilichezwa namna gani, aandike. Anayejua kuheshimu urithi wa Okinawa hatashindwa kuheshimu wa kwao.