Lafudhi na Msamiati wa Kikurya katika Kiswahili cha Tarime na Serengeti: Uhakiki wa Dhana ya Makosa

Tafiti kuhusu athari za lugha ya kwanza kwa kawaida huyapima mazungumzo kwa kigezo kimoja, yaani Kiswahili sanifu. Kinachotofautiana nacho huingizwa katika jedwali la makosa. Sehemu hii inahakiki mkabala huo kwa kurejelea Wakurya wa wilaya za Tarime na Serengeti, mkoani Mara. Hoja ya msingi ni kwamba lafudhi na msamiati ni mambo mawili yanayohitaji vigezo tofauti.

Kuhusu lafudhi, Kikurya hakitofautishi /l/ na /r/. Hivyo, anayetamka *kurara* badala ya *kulala* hatamki ovyo; anafuata kanuni ya kifonolojia inayotabirika. Ni kweli kwamba kanuni hiyo huweza kufuta tofauti ya maana, kama baina ya *kalamu* na *karamu*, na mwalimu anapaswa kuifundisha tofauti hiyo. Hata hivyo, kuieleza kanuni si sawa na kuihesabu kuwa uzembe. Isitoshe, usanifu wenyewe una asili ya mahali: ulijengwa juu ya Kiunguja, lahaja ya mji wa Zanzibar.

Kuhusu msamiati, suala ni zito zaidi. Neno *mura*, litokanalo na *omomura*, limevuka mipaka ya Mara na hutumika kumwita mwanamume wa Kikurya. *Kijana* halitoshi kuchukua nafasi yake, kwa kuwa *omomura* hubeba pia maana ya aliyepita jandoni.

Mfano wa pili ni *nyumba ntobhu*, desturi ambayo mwanamke, mara nyingi asiye na mtoto wa kiume, hutoa mahari na kumwoa msichana ili amzalie watoto wa nyumba yake kwa mwanamume mwingine. Kuiita "ndoa ya jinsia moja" ni sahihi kisarufi lakini ni potofu kimaana, kwani wanawake hao hawaunganishwi na mapenzi. Wala neno *ndoa* pekee halifai: Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inaitambua ndoa kuwa muungano wa hiari wa mwanamume na mwanamke. Mtafiti anayelifuta neno la wenyeji hufuta pamoja nalo maswali ya msingi: umri wa msichana, hiari yake, na haki za watoto wake. Kulihifadhi neno si kuitetea desturi, bali ni kuiacha wazi ili ihojiwe.

Kwa mantiki hiyo, kabla ya kuliorodhesha neno kuwa kosa, mtafiti hana budi kuthibitisha kuwa neno sanifu analolipendekeza linabeba maana ileile. Lisipoibeba, kasoro imo katika jedwali, wala si katika kinywa cha msemaji.