Idhini si Uthibitisho: Istilahi za Mikataba ya Viongozi wa Shule

Miongoni mwa kasoro zinazojirudia katika tafsiri za nyaraka za utumishi ni ile ya kutumia maneno kuthibitisha, kupitisha, kuridhia na kuidhinisha kana kwamba yote ni mamoja. Katika mazungumzo ya kawaida hasara yake ni ndogo. Katika mkataba wa ajira, ambamo neno moja laweza kuonyesha nani mwenye kauli na lini, hasara ni kubwa. Tutalieleza jambo hili kwa mfano wa jimbo la New Jersey, Marekani, kwa kuwa sheria ya huko imezitenganisha hatua hizo waziwazi.

Katika jimbo hilo bodi ya elimu ya eneo ndiyo mwajiri wa mkurugenzi wa shule zake. Mwaka 2006 tume ya uchunguzi ya jimbo ilitoa taarifa kuhusu malipo yaliyofichika katika mikataba ya viongozi wa shule. Mwaka 2007 sheria ikaagiza kwamba mkataba wa mkurugenzi, wa msaidizi wake, na wa ofisa asimamiaye fedha na shughuli za shule, upelekwe kwanza kwa mkurugenzi mtendaji wa kaunti, ambaye huteuliwa na Gavana. Yeye huulinganisha na viwango vilivyowekwa, kisha huukubali au huukataa. Ndipo bodi inapopiga kura. Tangu mwaka 2011 hadi 2019 kulikuwa pia na ukomo wa mshahara wa wakurugenzi. Ukomo huo ulipofutwa, utaratibu wa kupeleka mikataba kwa ofisa huyo ulibaki.

Sasa tutazame maneno yetu. Mfasiri akiandika kwamba ofisa wa kaunti "huthibitisha" mkataba, mtumishi wa serikali wa Tanzania atakumbuka kuthibitishwa kazini, yaani hatua inayofuata muda wa majaribio. Atadhani kwamba mkurugenzi amekwisha kuanza kazi, hali bado hajaajiriwa. Akiandika "huupitisha", atakuwa amemnyang'anya mwajiri kazi yake, kwani wapitishao ni bodi kwa kura zao. "Kuridhia" nako hakufai. Bunge huridhia mkataba wa kimataifa uliokwisha kutiwa saini. Na katika mikataba ya watu, ridhaa ni ya wahusika wenyewe, naye ofisa huyu si mhusika. Hata "kibali" kina mipaka yake: kibali cha ajira huruhusu nafasi kujazwa, wala hakigusi vifungu vya mkataba wa mtu fulani.

Neno linalobaki ni idhini: ruhusa ya mwenye mamlaka, itolewayo kabla ya tendo, na kumwachia mtendaji tendo lake. Hiyo ndiyo maana tunayoihitaji.

Hatua inayotangulia idhini nayo imepewa majina yasiyoitosha. "Kupitia" mkataba kwaweza kuwa kuusoma tu. "Kukagua" humleta akilini mkaguzi wa hesabu, ambaye kwa kawaida hufika fedha zikiwa zimekwisha kutumika. Sisi twapendekeza kuhakiki, kwa maana ya kupima kila kifungu kwa kiwango kinachojulikana.

Tahadhari nyingine ni juu ya mahali. Wafasiri wengi huandika "wilaya" kwa eneo la bodi na kwa kaunti pia, hata msomaji asijue nani yuko juu ya nani. Neno kaunti limeenea nchini Kenya tangu Katiba ya mwaka 2010, na hapana sababu ya kulikwepa. Vilevile, mkurugenzi wa shule za eneo si mwalimu mkuu, kwani husimamia shule zote za bodi yake.

Kwa hiyo sentensi yetu ingekuwa hivi: "Mkurugenzi mtendaji wa kaunti huhakiki na kuidhinisha mkataba, kisha bodi huupitisha." Twawasihi wafasiri na walimu kuijaribu kila istilahi ya namna hii kwa maswali mawili: tendo hili ni la nani, na lafanyika kabla ya lipi? Neno lisiloweza kuyajibu lisitiwe katika mkataba, kwa kuwa siku ya mgogoro mwajiriwa atadai haki yake kwa maandishi yale yale, wala hatakuwapo mfasiri wa kumweleza alikusudia nini.