Feni ya Pikapu na Namna ya Kuipima

Mtu anunuapo pikapu iliyokwisha tumika, aghalabu hupapasa rangi, akapiga teke matairi, kisha akaketi usukanini kuisikiliza injini; ama feni, ambayo uhai wa injini yote umeegemea juu yake, haitupii hata jicho.

Feni hizi ni jinsi mbili. Moja huzungushwa na mkanda kwa nguvu za injini yenyewe. Ya pili ina mota yake, hula umeme wa gari, na huwashwa na kuzimwa kwa kadiri ya joto la maji. Pikapu za dizeli kama Toyota Hilux nyingi zimefungwa ile ya kwanza, nayo katikati yake ina klachi, yaani kikombe cha chuma chenye mafuta mazito ya silikoni, na usoni pake springi ndogo: hewa itokayo kwenye rejeta ikiwa ya moto, springi hufungua tundu, mafuta yakaingia katika vijia vyembamba, na feni ikakamatwa; hewa ikipoa, feni huachiliwa ikazunguka kwa ulegevu.

Basi iendee alfajiri, injini ikiwa imezimwa na imepoa, uyasukume mapanga yake kwa mkono. Feni njema hukaidi kidogo, na ukiiachia haifiki mbali. Ikizunguka mara tatu nne kama pia ya mtoto, jua klachi imechoka. Pitisha kidole usoni pake: vumbi lililonata likijichora kama miale, kutoka katikati kwenda ukingoni, hayo ni mafuta yaliyovuja. Kisha ondoa mkono, uwashe. Ngurumo ya kitambo kidogo, halafu ikafifia, isikutie hofu, kwani ni mafuta yaliyolala usiku kucha yanayorudi mahali pake. Bali feni isiyonyamaza kamwe imeganda, nayo hula dizeli bure. Ile isiyonguruma hata gari likiwa na shehena, likipanda mlima wa Kitonga kwa gia ndogo ilhali upepo wa mwendo ni haba, hiyo itakuchemshia maji kabla hujafika Iringa.

Ya umeme nayo ina fadhila zake, wala si haki kuzificha. Katika foleni, injini ikiwa inapumua polepole, yenyewe huzunguka kwa kasi yake kamili. Na mtoni unaweza kuizima, ambapo mapanga yazungushwayo na mkanda, yakikutana na maji mengi, huweza kupinda mbele yakaikata rejeta. Lakini hiyo hula ampea 20 hadi 30, pengine na zaidi, na kwa hiyo usiipime kwa mapanga bali kwa waya zake: unene, fyuzi, rilei, na ethi iliyokazwa penye chuma kisafi. Nimepata kuona moja iliyoungwa kwa waya mwembamba kama wa redio, plastiki imeyeyuka ikagandamana na bomba la maji, na mwenyewe akilaumu rejeta.

Kwa jinsi zote mbili, tazama kava liizungukalo feni. Simsamehe fundi alitupaye kwa kuona linambana mkono, maadamu pasipo hilo feni huvuta hewa ileile ya moto iliyokwisha kuisukuma.

Kwa pikapu ya dizeli ibebayo mizigo milimani, mimi nabaki na ya mkanda. Na klachi ikichoka, muulize fundi wako kwanza kama yaweza kufunguliwa ikajazwa silikoni upya, kabla hajaing'oa.