Orodha ya Maneno 220 na Kazi Yake

Katika mwaka 1936 Edward William Dolch, mwalimu wa Chuo Kikuu cha Illinois katika nchi ya Marekani, alitoa orodha ya maneno 220 ya Kiingereza. Alilinganisha orodha 3 zilizotangulia, akachagua maneno yanayorudi mara nyingi katika vitabu vya watoto. Majina ya vitu hakuyatia humo. Aliyaweka kando, nayo ni 95. Maneno hayo 220, ingawa ni machache, huwa zaidi ya nusu ya maneno ambayo mtoto huyakuta katika vitabu vyake vya kwanza. Basi orodha hii ni kazi njema, nayo ingali inatumika hata leo.

Lakini Dolch aliitengeneza kwa ajili ya kusoma, ili mtoto alitambue neno mara alionapo. Waalimu wengi wameigeuza kuwa orodha ya kuendeleza maneno: maneno kumi kila juma, kila neno liandikwe mara 20, na Ijumaa ni imla. Kutambua na kuandika si kazi moja. Waweza kumtambua jirani yako kwa mbali, wala usiweze kuuchora uso wake.

Kosa la kwanza ni kuyatendea maneno yote sawasawa. "And", "big", "red" na "jump" huandikwa kama yasikikavyo. Mtoto ajuaye sauti za herufi hana haja ya kuyakariri. "Said", "was" na "two" sivyo yalivyo. Mwalimu akiyakaririsha yote kwa namna moja, mtoto hudhani kwamba Kiingereza hakina utaratibu wowote.

Kosa la pili ni kuyatenga maneno na jamaa zake. Herufi w katika "two" haisikiki, lakini yasikika wazi katika "twelve" na "twenty". "Said" limetoka katika "say", kama "paid" lilivyotoka katika "pay". "Here" limo ndani ya "there" na "where", na yote matatu ni ya mahali. Ajuaye hayo hataliandika "their" badala ya "there". Orodha haisemi mambo haya. Ni juu ya mwalimu kuyasema.

Kwa watoto wetu jambo hili lina uzito zaidi. Katika Kiswahili, aliyekwisha kujua silabi aweza kuandika hata neno asilopata kuliona. Nilipata kuona daftari la mtoto mmoja ambamo "sed" limekatwa kwa wino mwekundu mara tatu, na pembeni limeandikwa neno "mvivu". Mtoto yule hakuwa mvivu. Aliisikia sauti vizuri, akaiandika kwa kufuata kanuni tuliyomfundisha sisi wenyewe. Amelaumiwa kwa utii wake, na huenda tangu siku ile akajiona mjinga.

Ingefaa mwalimu achague maneno magumu machache tu, matatu au manne. Alitamke neno, watoto walitamke. Kisha awaonyeshe mahali penye taabu: katika "said" herufi s na d zinasema kweli, zinazotudanganya ni ai peke yake. Walitazame, walifunike, waliandike, ndipo wafunue na kujisahihisha. Mtoto aliyeambiwa kosa lake liko katika herufi mbili ana kazi ndogo mbele yake. Aliyeambiwa kwamba neno zima ni kosa hajui aanzie wapi.

Nanyi wazazi, mtoto akirudi nyumbani na daftari lililojaa alama nyekundu, msimkaripie kwanza. Mwambieni asome kwa sauti aliyoyaandika. Mkilisikia neno lenyewe, jueni ya kuwa masikio yake ni mazima na akili yake inafanya kazi. Yaliyobaki ni ya mwalimu.